Nani Atagonga Pipa

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu,

Mpwa wako sasa hivi kachukua kofia yangu ya kazini, kaivaa mpaka puani, akatambaa mbio na kugonga kichwa mlangoni. Hakulia. Alikaa chini akautazama mlango kwa hasira, kama vile mlango ndio uliomfuata yeye. Nimecheka mpaka kalamu ikanidondoka. Nikaona bora nianze na hilo, ujue kwamba tuko wazima.

Mimi sijambo, mtoto hajambo. Meno yameanza kutoka ila jina la Kibogoyo limeshamganda, mtaa mzima unamwita hivyo. Mama alituma salamu kwa mtu, anasema miguu imepungua kuvimba, akauliza kama unakula vizuri huko kambini. Nimemjibu unakula, ingawa sijui. Simu yangu Kibogoyo aliitumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni, na huko mnakopima barabara mtandao haufiki, kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama wazee. Dereva wa gari lenu la vifaa ni mtu mwema. Anasema atazibeba zote mradi nisimtukane humo ndani.

Sasa jambo lenyewe. Dereva kanipa ujumbe wako, kwamba Agosti mnakuja mjini, wewe na mhandisi wenu na wenzako, kwa ajili ya tamasha la bia, na mnataka siku nzima ya kuzungukia vile viwanda vidogo vidogo, na unaniuliza kama mimi navijua. Kaka! Umeuliza penyewe. Si ndiyo nakaa katikati yake? Huu mtaa wa maghala ya zamani, siku hizi kila ghala lina mtu na matangi yake anapika bia ya kichwa chake. Na mimi mwenyewe naosha glasi kwenye kimoja, kwa Mama Hamira. Siyo jina lake. Ila hamira yake ya kuumulia bia anailaza kwenye friji la chumbani kwake kama mtoto mchanga, mtu haruhusiwi hata kuichungulia.

Usitafute mtu mwingine. Nitapanga mimi. Nitakwenda kimoja baada ya kingine, nione kinafunguliwa saa ngapi, viti vikoje, choo kikoje. Na siku yenyewe nitaomba ruhusa nizunguke nanyi. Tangu nijifungue hujaniona, na Kibogoyo hujamwona kabisa. Nitafurahi sana, kaka. Nimeshaanza kufurahi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima na kazi inakwenda. Mvua ilikata njia, gari la vifaa likakwama ng'ambo ya mto, ndiyo sababu ya kuchelewa. Mama nimemtumia dawa. Nimefurahi kusikia ana nafuu.

Kuhusu safari. Tutakuwa watu sita. Mhandisi ni mtu wa kupenda mambo yaliyopangwa. Ukiweza, niandikie viwanda vinne hivi, kipi kianze na kipi kimalize, na kutembea kutoka kimoja mpaka kingine kunachukua muda gani. Jitahidi mwandiko usomeke, maana nitampa auone.

Sikujua kama unafanya kazi kwenye bia. Nilidhani bado uko saluni.

Usijisumbue kupita kiasi.

Kaka yako


Tarehe 11 Mei

Kaka mpendwa,

Barua nimeipata, ahsante. Huku mvua nayo ilituosha, maji yaliingia mpaka chini ya kitanda, ila tulishainua vitu. Kibogoyo anatembea vizuri sasa, na kila chenye magurudumu anakiita “ba”. Hukumuulizia, lakini najua ulikuwa na haraka. Saluni ilifungwa siku nyingi, kaka. Mwenyewe alihama na viti vyake. Na kazi ya glasi siyo mbaya kama inavyosikika, usinionee huruma. Glasi ya bia ina masharti. Ikiguswa na mafuta kidogo tu, povu linakufa na bia inakaa kama mkojo wa mgonjwa, ndivyo anavyosema Mama Hamira, nisamehe. Kwa hiyo mwosha glasi akikosea, mpishi kapika bure.

Nimezunguka kote. Nilikwenda na Kibogoyo mgongoni na watu walinishangaa mlangoni, lakini nikisema nampangia kaka yangu wananikaribisha.

Anzeni kwa Fundi Gereji. Palikuwa gereji kweli, lile shimo la kukagulia magari bado lipo, kalifunika kwa kioo na kuweka meza juu yake, unakunywa huku unaona chini. Bia yake ni ya ngano, nyepesi, ya kuamshia ulimi. Alinionjesha kijiko kimoja nikakunja uso, akasema, “Dada, kaka yako ana ulimi kama wako? Basi asije.” Anatania tu, mje.

Kutoka pale mnatembea kidogo tu, mnavuka reli iliyokufa, mnashuka ngazi kwa Mapacha. Wako chini ya ardhi, hakuna dirisha. Bia yao ina tangawizi. Watagombana mbele yenu kuhusu nani alibuni. Msimuunge mkono yeyote, mtakaa mpaka kesho.

Kisha yule wa juu ya paa. Yeye nimemweka wa tatu na siyo wa mwisho kwa sababu ya ngazi zake za chuma. Ni za kupanda mkiwa bado mnajijua. Hapo mnakula, ana nyama choma nzuri, mnapumzika na kunywa maji mengi.

Mwisho ni kwetu. Yetu ni nyeusi, inanukia kahawa iliyoungua, na nzito. Mkianza nayo ulimi unalala, hizo nyingine zote mtaziona maji. Kila mahali ombeni glasi ndogo, na msukutue kabla ya kuonja nyingine.

Sasa kaka, nimekuwekea habari tamu mwisho. Kwetu siku ya tamasha pipa la kwanza haligongwi na mpishi. Linagongwa na ndugu wa mfanyakazi mmoja. Anapewa nyundo ya mbao, anagonga bomba la shaba mpaka lizame kwenye pipa, na akigonga kwa woga anaoga povu mbele ya watu wote, halafu ndiye anayekunywa glasi ya kwanza. Mama Hamira anasema bia ya kiwanda kikubwa haina ndugu, yake inao. Mwaka huu zamu imeniangukia mimi! Nimemwambia kaka yangu mpima barabara anakuja. Nimewaambia wote. Hata wa juu ya paa anajua.

Kuhusu mimi kuzunguka nanyi hukunijibu, nadhani ulisahau. Nimeshonesha gauni la bluu.

Mdogo wako


Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini mama na wewe hamjambo. Hapa tuko salama, vumbi tu limezidi.

Mpango wako ni mzuri sana. Niliunakili kwa mashine, mhandisi akausoma kwa wenzetu wakati wa chakula. Amesema aliyeuandika anajua kazi. Nimemwambia umeandikwa na mwenyeji mmoja wa huko.

Mke wa mhandisi naye huenda akaja. Kwa hiyo naona usichukue ruhusa. Endelea na kazi yako tu, tutapita hapo mwisho kama ulivyopanga. Patakuwa na watu wengi, kama nikikusalimu kwa kifupi usishangae. Wewe pia niite “Mpimaji” kama wanavyoniita wote, itakuwa rahisi. Na mtoto ni vizuri abaki nyumbani, mahali pa bia si pa mtoto.

Hilo la kugonga pipa, mwombe huyo mama ampe mtu mwingine.

Hawa watu wanadhani kwetu… basi tu. Utaelewa.

Kaka yako


Tarehe 3 Agosti

Kaka,

Sisi wazima. Kibogoyo alikuwa na homa, imeisha.

Nimeelewa. Mama Hamira nitamwambia.

Nyama choma ya juu ya paa inaisha mapema, msichelewe kwa Mapacha.

Mdogo wako


Tarehe 1 Septemba

Mdogo wangu,

Tumerudi kambini salama, nashukuru. Mhandisi amefurahi mno na safari, kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa, hata ugomvi wa Mapacha. Kwenu palijaa watu mno, nikashindwa kukufikia. Nimekutumia vitenge viwili na mkebe wa maziwa kwa dereva.

Mama anaendeleaje?

Kaka yako


Tarehe 22 Septemba

Kaka yangu,

Mama anaendelea vizuri. Vitenge nimevipata, kimoja nimempelekea yeye, nikasema vimetoka kwako. Kibogoyo kalala na kijiko mkononi, nikikitoa anaamka.

Unasema palijaa watu ukashindwa kunifikia. Sawa. Mimi nilishasema mbele ya watu kwamba kaka yangu hakuja, kwa hiyo acha nimwandikie huyo ambaye hakuja, nimsimulie yaliyotokea.

Jioni walifika watu sita na mwanamke mmoja, wakakaa meza ya karibu na matangi. Mmoja wao alivaa shati la mistari, na masikio yake ni ya baba mtupu. Mimi nilikuwa kwenye karai langu, pale nyuma ya kaunta, na gauni la bluu chini ya aproni.

Mama Hamira sikumwambia. Nilikuahidi, na sikumwambia. Kila nikifungua mdomo yeye ananiuliza, “Kaka yako ana mkono mzito? Nisije nikaogeshwa na nywele nimesuka!” Halafu moyoni nikajiambia, akisikia anaitwa atasimama. Mtu akiitwa mbele ya watu husimama. Hilo kosa ni langu, nalibeba.

Basi akapanda juu ya kreti. “Jamani! Mwaka huu pipa linagongwa na kaka wa mwosha glasi wetu! Kaka mtu, jitokeze!”

Makofi. Mtu akapiga mluzi. Hakusimama mtu.

“Anaona aibu huyo,” Mama Hamira akasema. “Shemeji, njoo, halina meno!”

Watu wakacheka. Yule wa shati la mistari alikuwa anatazama ndani ya glasi yake kama vile kuna kitu chake kimezama humo. Mama Hamira akanigeukia mimi. “Si ulisema anakuja na wahandisi? Tuonyeshe basi, yupi?”

Wote wakanitazama. Mikono yangu ina povu mpaka viwikoni, tumbo limelowa. Ningenyoosha kidole tu, kaka. Kidole kimoja. Nikasema, “Hakuja, Mama. Amekwama njiani.”

Watu wakaanza kunipa pole. Ndipo akasimama yule mtu mnene mwenye masharubu, ambaye najua sasa ndiye mhandisi wenu. Akavua koti. “Dada,” akasema, “kama hutakataa, leo mimi nitakaimu nafasi ya kaka yako.” Akagonga mara moja, vibaya, povu likamlowesha mpaka kwenye masharubu, ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Akainua glasi akatangaza, “Atakayemchezea huyu leo atanijua, mimi ndiye kaka yake!” Watu wakapiga makofi. Na wa shati la mistari akapiga. Nilimwona. Kukaa kimya ningekusamehe palepale. Ni yale makofi.

Baadaye jirani akamleta Kibogoyo anyonye, na mhandisi ndiye aliyembeba, akavutwa masharubu, akasema mtoto huyu ana nguvu za ukoo wa wagonga mapipa. Mke wake akacheka. Wewe ulikuwa umetoka nje.

Siandiki kukulaumu. Najionea aibu mimi, nimewadanganya watu wanaonipenda. Mama Hamira kila akiniona anauliza, “Masikini, kaka yako alifika salama huko alikokwama?” Najibu ndiyo. Sijui kama alifika.

Mdogo wako


Tarehe 17 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako niliiweka mfukoni, nikawa naitoa na kuirudisha bila kuimaliza. Sasa nimeimaliza.

Hapa kambini hadithi ya pipa imekuwa ya kila jioni. Mhandisi anaisimulia akifika kwenye chakula, na kila mara povu linaongezeka. Akifika mwisho husema, “Lakini ndugu gani yule? Anamwacha binti wa watu anasimama peke yake!” Wenzangu wanacheka. Mimi nacheka kuwashinda.

Nilianza hapa kwa kushika kamba ya kupimia tu, unajua. Hawa wote wana vyeti. Siku moja mhandisi akaniuliza ndugu zangu wanafanya nini, nikamwambia nina dada daktari. Sijui lilitoka wapi. Likishatoka unalilisha. Na mtoto asiye na… basi. Hilo sitaliandika.

Jana alipofika pale pa “ndugu gani yule”, nikasema, “Ni mimi.”

Akadhani natania. Nikamwambia tena, na nikaeleza la daktari. Akaweka kijiko mezani, akafunika chakula chake, akaondoka. Leo kutwa hajanisemesha. Wenzangu wanapita kando yangu kama nina upele. Kazi sijui kama ninayo.

Sikuombi unijibu. Nilitaka tu ujue kwamba nimesema.

Mtoto ana umri gani sasa? Naona haya hata kuuliza.

Kaka yako


Tarehe 4 Novemba

Kaka yangu,

Kibogoyo kakataa kunywa uji, kaumwaga, halafu kaleta kitambaa mwenyewe akaanza kufuta, akaeneza mpaka ukutani. Ana mwaka mmoja na nusu na zaidi kidogo. Uliza tu, kaka, hakuna haya kwenye kuuliza. Anapenda magari, anachukia kofia tangu ule mlango, na akinuna ananuna kama wewe, mdomo upande.

Dereva kaniletea barua hii leo, hapa hapa kazini, na nimeisomea nyuma ya mapipa matupu. Najibu haraka maana anasema haondoki bila jibu. Leo ana mambo ya ajabu, chai hataki, soda hataki, anazunguka gari lake tu, na kila saa anachungulia dirishani kuona kama nimemaliza.

Daktari! Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikaona ningependeza kwenye koti jeupe. Lakini siyo kweli, kaka, mimi ni mwosha glasi, na mtoto wangu baba yake aliondoka kabla hajamwona. Unaona, nimeliandika mimi na kalamu haijavunjika. Mwanzoni nilikuwa nikipita sokoni nainamisha kichwa. Siku hizi nainua, siyo kwa ujasiri, ni kwa sababu Kibogoyo ananivuta nywele nitazame magari.

Mama Hamira nimemwambia ukweli, wiki jana. Aliuliza tu, “Kumbe alikuwepo. Alikunywa nini?” Nikasema nyeusi. “Akaimaliza?” Nikasema hapana, aliiacha, niliiosha hiyo glasi mwenyewe. Akasema, “Afadhali. Angeimaliza ningemwogopa.” Kisha akaniambia niende nikaoshe, glasi hazijioshi kwa machozi. Hajaniuliza tena.

Mhandisi mwache anune. Mtu aliyekuwa kaka yangu jioni nzima atanuna, ni haki yake. Kazi ikiisha utapata nyingine, barabara ni nyingi. Mimi ninachotaka ni kitu kidogo. Tamasha limepita lakini viwanda bado vipo. Njoo siku yoyote ya kawaida, bila zawadi, bila watu sita. Nitakuzungusha mwenyewe, nitapita nawe kila mlango niliosimama nikasema nampangia kaka yangu, ili wakuone. Na wakiuliza, utajibu wewe, mimi sitakusaidia. Utaona aibu. Na mimi nitaona. Tutaona aibu pamoja mpaka ituchoke.

Ngoja kaka, dereva ananiita, sasa anapiga kelele kabisa. Anasema niache hayo maandishi nitoke nje, maana kuna mtu wa kambini kakaa kiti cha mbele tangu wamefika, kabeba begi lake, na kila akiambiwa ashuke anasema bado kidogo, na Kibogoyo katoroka kwa jirani, yuko pale chini anapiga mlango wa gari kwa kiganja, ba, ba, na huyo mtu ameteremsha kioo anamwambia mtoto kwamba yeye ni mjomba…